Kila Nyumba na Sanduku Lake

Nyumba za Kanjo, Jericho,
Nairobi.
Jumapili, 17 Mei 1981

Mpendwa ndugu yangu Bedan, mwana wa baba,

Pokea salamu za moto kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Joto la Mombasa linakutendeaje? Bado unafunga tai hata jua likiwaka? Na wifi yangu Mghoi hajambo? Tumbo limefika wapi? Mwambie ale vizuri na asibebe vitu vizito, maana kuna kitu kizito kinakuja huko, nitawaeleza.

Mimi ni mzima. Biashara ya maharagwe hapa sokoni inakwenda, mara juu mara chini. Goti langu la kushoto huniuma mvua ikinyesha, lakini barua hii si ya kulilia goti.

Utashangaa kuona nimekuandikia Kiswahili na si lugha ya mama zetu. Nimefanya makusudi. Wifi Mghoi ni Mtaita, Kikuyu hakisikii, na nataka aisome mwenyewe, asisubiri wewe umtafsirie huku ukiruka mistari. Wifi, soma kwa sauti. Akikunyang'anya karatasi, ujue umefika pale panapomhusu.

Barua yako niliipata Ijumaa. Mwandiko bado mzuri, masikini, ule wa mtu aliyelipiwa karo. Unauliza mambo mawili. La kwanza, kama mguu wa Njogu umepona kule kuteguka. La pili, unasema umepata mtu huko pwani anayetaka kuinunua pikapu ya Baba, ila anataka na yale meno yote, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo waniomba kwa heshima na taadhima nikupe lile sanduku lililo kwangu.

Bedan! Umeniomba! Nilifunga mlango nikaisoma sentensi hiyo tena. Kumbe kinywa chako kinalijua neno naomba. Lilikuwa limelala wapi siku zote hizi?

Basi nitakujibu yote mawili. Nitaanza na sanduku, kwa vile ndilo lililokufanya ununue stempu.

Wifi, wewe hukuwako, ngoja nikueleze. Baba yetu, Mzee Phares, alikuwa na wake wawili. Mimi ni wa mama wa kwanza. Bedan na Njogu ni wa mama mdogo Lydiah. Baba alikuwa na pikapu na trela lake, akibeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Njiru. Pikapu ile ilikuwa na mbio, lakini ukiifungia trela lililojaa, mlimani inalia kama mtoto mwenye njaa. Baba alikuwa akisema trela halivutwi na injini, linavutwa na meno. Alimaanisha yale meno yaliyo katikati ya ekseli, ndani ya lile bonge ambalo mafundi huliita difu. Ukitoa meno ya mbio ukatia meno ya nguvu, gari linapunguza haraka zake lakini linavuta mlima na mzigo wake bila kunung'unika. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa na kumpa spana chini ya gari, mumeo akiwa bweni anasomea Kiingereza.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Pikapu ile ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Siku za kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Ukikwama kwenye matope kuna kijiti cha giya unachokivuta, na magurudumu yote manne yanavuta. Kwa hiyo meno ya mbele na ya nyuma lazima yawe sawasawa. Yasipokuwa sawa, ya mbele yanataka kwenda na ya nyuma yanataka kukaa, kama ng'ombe wawili wa plau waliokataana. Ndiyo sababu Baba alinunua masanduku mawili ya meno ya nguvu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Nanyuki. Sanduku moja la mbele, moja la nyuma. Akayasukuma chini ya kitanda akisema mvua ikiisha atayafunga. Mvua ikaisha, na yeye akaisha nayo.

Bedan, unaikumbuka siku ya kugawa? Ulikuja kwa treni na tai yako nyekundu. Ukavuta kiti ukakaa na wazee, na kabla chai haijapoa ukawa umewapa sheria. Hakuna kuonewa, ulisema, kila kilicho viwili, kimoja nyumba hii, kimoja nyumba ile. Wazee walifurahi kweli, maana iliwapunguzia kufikiri. Mbuzi wawili, mmoja huku mmoja kule. Blanketi mbili, taa mbili, mapipa mawili ya maji. Viatu vya Baba vilipoletwa, wazee wenyewe wakatazamana, tukavitoa kwa mlinzi wa kanisa. Ungeachiwa, ungegawa hata hivyo.

Pikapu na trela vikaenda kwenu, kahawa na ng'ombe vikaja kwetu. Kisha yakaletwa masanduku mawili, na mzee mmoja akauliza ndani mna nini, akajibiwa ni vyuma. Mimi nikasimama. Nilisema mbele ya watu wote kwamba hivyo si vitu viwili, ni kitu kimoja chenye pande mbili, na vyote wapewe watu wa nyumba ya mama mdogo pamoja na gari. Nisikie tena, Bedan. Niliomba mpewe ninyi. Bure. Nyumba yangu isibaki na kitu.

Na wewe ukacheka. Ulisema, "Dada, mambo ya spana waachie wanaume. Aliyerudi kutoka kwa mumewe hana nyumba ya kusemea."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Njoroge wa Kangema alipaliwa na uji ikabidi apigwe mgongoni. Nikakaa. Aibu ile niliimeza bila chumvi wala maji. Jioni nikalibeba sanduku langu, lile la mbele, fungu la nyumba ya mama yangu, nikarudi nalo Jericho. Likawa kigoda changu cha kuchambulia maharagwe.

Njogu alikuja baadaye. Wajua Njogu hafanani nawe hata kidogo, sijui mama mdogo aliwapikaje katika chungu kimoja. Alikuwa hapiti Soko la Burma bila kuniletea nyama, amefunga kwenye gazeti, mafuta yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Aliingia akasema, "Sasa, dadangu," akakaa chini kabisa sakafuni, akaniambia Dubow amekubali kufunga meno ila anayataka yote, ya mbele na ya nyuma. Dubow ni fundi, ana uwanja wake nyuma ya soko.

Mimi nilikuwa nimelikalia sanduku lenyewe. Nikamwambia, "Njogu, mimi sina nyumba ya kusemea. Nenda kwa mwenye nyumba. Bedan akitamka kwa kinywa chake kwamba nyumba ya mama yenu inaomba, libebe leo hii, na chapati nitakufungia."

Wanaosema roho yangu ni mbaya waseme. Nilitaka neno moja tu kutoka kwako. Neno lenyewe halina hata ushuru.

Akaenda posta akakupigia simu. Aliporudi alinisimulia yote, kwa kuwa Njogu hajui kuficha. Ulimwambia asithubutu kumpigia magoti yule mwanamke. Ulimwambia afunge lile lenu nyuma, kwani nyuma ndiko kunakovuta, na la mbele utamnunulia lingine huko Mombasa umtumie. Nyuma ndiko kunakovuta! Mimi nilicheka hadi nikamwaga maharagwe. Njogu naye akacheka, masikini ya Mungu, akanisaidia kuyaokota. Hakujua nilikuwa nacheka nini.

Nilimwambia, usije ukasema sikumwambia. Nilimwambia akifunga nyuma peke yake, kile kijiti cha kuvuta magurudumu yote asikiguse mpaka sanduku lako lije. Dubow naye alikifunga kijiti kwa waya, akakikaza kwa koleo. Basi ikawa ni kungoja. Jirani yetu Matheka huendesha lori la Mombasa, na kila akirudi Njogu alikuwa amesimama hapo langoni, "Matheka, mzigo wangu hukupewa?" Krismasi ikapita. Ukatuma kadi. Ilikuwa na kengele na theluji.

Nisiwe mwongo, pikapu ilivuta. Lo! Trela limejaa mawe hadi juu, na inapanda mlima inaimba. Wakati ule watu walikuwa wanajenga kule mtaa wa Lucky Summer kama mchwa, na wote walimtaka Njogu. Akipita na mzigo alikuwa akinipigia honi, nami natoka na mwiko mkononi namtukana kwa furaha. Nampenda yule mtoto. Kwa tumbo ni wa mama yako, lakini mgongoni nilimbeba mimi.

Kisha mvua ya Aprili ikaanguka. Siku ile alipakia mawe machimboni na trela likazama hadi kwenye ekseli. Malori yamejipanga nyuma yake, madereva wanamtukania mama. Wewe ungefanyaje? Akachukua koleo akakata waya wa Dubow, akavuta kijiti. Na gari likatoka, maana kwenye matope magurudumu yanateleza, ugomvi wa meno hauonekani. Ugomvi ulianza alipofika kwenye lami. Lami haitelezi. Mbele huku, nyuma kule, na kijiti kikakwama kabisa, hakirudi. Alinieleza kwamba gari lilikuwa linatetemeka kama mtu mwenye malaria, naye anasema moyoni, bado kidogo, Lucky Summer ile pale.

Akafika mlima ule unaopanda kutoka mtoni. Katikati gari likagoma. Akakipiga kijiti kwa nyundo hadi kikatoka. Akatia giya, akakanyaga mafuta, na ile shafti ya nyuma, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya giya kwenye difu, ikiwa imesokotwa njia nzima, ikakatika kama muwa.

Hapo sasa, Bedan, kuna jambo ambalo mtu wa spana hulijua na mtu wa tai halijui. Breki ya mkono ya pikapu ile haishiki gurudumu. Hushika juu, karibu na giya. Shafti ikikatika huko chini, unaweza kuivuta hadi mkono ukakatika, haishiki kitu. Njogu alijua. Baba alitufundisha sote tuliokuwa nyumbani. Lakini mtu amelowa, amechoka, mguu umechoka kwa kukanyaga breki, atakumbuka lipi? Alivuta breki ya mkono, akaona gari limetulia kidogo, kumbe gurudumu limeegemea kishimo tu, akaruka chini atafute jiwe la kuzuia gurudumu. Alikuwa na trela zima la mawe, akazunguka kutafuta jiwe moja.

Vikarudi nyuma vyote. Trela likajikunja, likambana Njogu katikati yake na pikapu. Waliokuwa wanajenga pale juu walishuka wakapakua mawe moja moja kwa mikono, huku yeye anaomba wafanye haraka halafu anawaomba msamaha kwa kuwaharibia kazi.

Ulielezwa kwamba mguu umeteguka. Sote tuliambiwa tuseme hivyo. Mama mdogo Lydiah alipita nyumba kwa nyumba akitusihi, kwamba Mghoi ana mimba na wewe una presha, Bedan asishtuliwe, Bedan atakuja mwenyewe. Nikanyamaza. Ningenyamaza hata sasa, kama usingeniandikia habari za mnunuzi.

Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Haukuteguka. Haupo.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri, tuliimba shuleni. Ila ina kasoro moja: aliyekataa kusikia yuko Mombasa anakula samaki, aliyevunjika guu yuko hapa kwangu.

Ndiyo, yuko kwangu. Mama yako hana nguvu za kumwinua, mgongo wake umekwisha. Mimi nimezoea magunia. Namwinua asubuhi, namwosha, namkalisha mlangoni apate jua. Mwanamke asiye na nyumba ya kusemea, ndiye aliyekuwa na nyumba ya kumlaza. Usiku akilia namwambia anyamaze majirani wanalala, na akinyamaza nalia mimi. Nina hasira, Bedan. Nina hasira nawe. Watu hunijia kunong'ona, Wakiuru, si ungempa tu lile sanduku? Ningempa. Na wewe si ungesema tu naomba? Sasa umelisema, kwa wino mzuri, kwa ajili ya mnunuzi.

Hutasikia neno baya kutoka kwake. Nilipomwambia nakuandikia nikamuuliza nikwambie nini, alifikiri sana. Akasema, "Mwambie lile sanduku lake nililisubiri." Basi. Kisha akaendelea kuchambua maharagwe.

Sasa kuhusu ombi lako. Limekubaliwa. Umeomba, nimetoa, kama nilivyosema tangu mwanzo. Sanduku lilikuwa ndilo kiti cha Njogu hapo mlangoni, nikamwondolea jana nikamkalisha juu ya debe. Alisema mpelekee, dada, amelitaka. Matheka ataondoka nalo kesho alfajiri pamoja na barua hii, atakushushia mlangoni. Wifi, tafadhali usijaribu kuliinua, ni chuma kitupu, mwache mwenyewe aliinue. Pikapu mtaikuta kwa Dubow na shafti yake iliyokatika, na kitini, walikomlaza Njogu wakingoja gari la hospitali, damu bado haijatoka vizuri. Mwambie mnunuzi aoshe kwa maji baridi, ya moto huigandisha.

Mama mdogo Lydiah anakusalimu, ingawa hajui nimeandika. Dubow anakusalimu, anauliza wewe ndiwe yule aliyejua kunakovuta. Matheka atakusalimu kwa mdomo wake. Msalimie wifi Mghoi sana, na akijifungua salama mniletee habari haraka. Mungu ampe mtoto viungo vyake vyote, na amjalie masikio bora kuliko ya baba yake. Naomba hilo kwa moyo safi, wifi, mtoto hana kosa.

Nimebakiwa na swali moja, nawe ndiwe mwenye sheria, hakuna mwingine wa kumuuliza. Ulitufundisha kwamba kila kilicho viwili, kimoja nyumba hii, kimoja nyumba ile. Njogu alikuwa na miguu miwili. Mmoja tuliuzika tukiwa wanne kwenye mvua, na mchungaji hakujua aombe sala gani. Umebaki mmoja. Ukija kuchukua pikapu, ingia hapa kwangu, simama mbele yake na tai yako, utuambie huu uliobaki ni wa nyumba gani.

Ni mimi dada yako, ambaye hata sasa hajaacha kukupenda,
Wakiuru wa Phares